Pale Walipobatizwa wa Kwanza

Birika lilikuwa kavu. Inspekta alilala kifudifudi jukwaani, akaingiza kichwa kwenye uwazi uliokuwa chini ya mimbari na kumulika tochi kila kona. Alichoambulia ni vigae vya buluu, mjusi mmoja, na kijiko cha plastiki ambacho hakuna aliyejua kimefikaje humo. Aliinuka akijishika kiuno. Hilo birika la ubatizo ndilo lililokuwa tumaini lake la mwisho asubuhi ile, na sasa mikono ilikuwa mitupu.

Kazini walimwita Kobe. Jina alilipata tangu akiwa konstebo, kwa sababu alikuwa mtu wa kurudia swali mara mbili na kusoma jalada mara tatu huku wenzake wakiwa wameshafunga kesi na kwenda kunywa chai. Miaka yote hakulichukia. Leo, sajini wake alipomwita hivyo kwa mazoea, alijisikia kumkata jicho.

Aliyepotea alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye kisukari na sikio zito. Jumatano mchana alitoka nyumbani akaacha sindano zake za dawa juu ya meza, kwa kuwa hakutarajia kuchelewa. Leo ilikuwa Jumamosi. Daktari wa polisi alikuwa amemvuta Kobe pembeni na kumweleza bila kuzunguka: mzee wa umri ule, bila dawa na bila maji, ikifika jioni wasitafute tena mtu, watafute maiti.

Mwalimu alikuwa ameombwa kuandika historia ya ushirika wao wa Kibaptisti, isomwe kesho Jumapili kwenye jubilii. Mlangoni, huku akivaa viatu, alimwambia binti yake kwamba anakwenda kuona pale walipobatizwa wa kwanza. Basi. Hakufafanua, na binti hakuuliza, kwa sababu palijulikana. Kila mtoto wa shule ya Jumapili aliijua hadithi ile. Mchungaji wa kwanza, ambaye ni marehemu baba yake Shemasi wa sasa, aliingia mtoni na maji yakamfika kifuani, akabatiza waumini wa kwanza mmoja mmoja, ushirika ukazaliwa. Picha ya mto ilikuwa imechorwa ukutani nyuma ya mimbari, na samaki wawili juu.

Kwa hiyo polisi nao walikwenda mtoni. Wazamiaji walishinda humo Alhamisi na Ijumaa, wakatoa baiskeli, matairi, sufuria isiyo na kitako na kila takataka ambayo mji ulikuwa umeitupa. Mwalimu hawakumtoa. Ndipo Kobe alipokumbuka kwamba Wabaptisti huzamisha mtu mzima mzima, na kwamba pale penye mimbari yao, chini pana birika. Akaja mbio, akafunua, akamkuta mjusi.

"Nilikwambia, Inspekta," alisema Shemasi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na ndiye aliyesimamia jengo na maandalizi yote ya jubilii. "Birika hili hatujalitia maji tangu Pasaka. Mzee wetu yuko mtoni. Nasema kwa uchungu, lakini yuko mtoni. Mngerudi kule mkaendelea."

"Wazamiaji wanasema wamemaliza."

"Basi ni wale waliojitenga na ushirika wetu. Nilishawataja jana. Mwalimu alikuwa anakwenda kwao, anawahoji. Watu wale wana kinyongo na sisi tangu enzi za baba zetu."

"Nimewahoji jana kutwa," alisema Kobe. "Kiongozi wao alikuwa amelazwa hospitali tangu Jumanne. Muuguzi amethibitisha. Umenipotezea siku nzima, Shemasi."

"Nilitaka kusaidia tu."

 Macho ya Kobe yalikuwa yametua ukutani, upande wa kulia wa mimbari. Ukuta wote ulikuwa umefifia, lakini pale palikuwa na kipande kirefu kuliko mtu ambacho rangi yake ilikuwa bado mpya, kama ya siku ilipopakwa.

"Hapa palikaa nini?"

"Kabati la majoho ya kwaya. Tumelisogeza kule mlangoni, tupishe viti vya wageni."

"Viti viko wapi?"

"Vinakuja kesho asubuhi."

"Na kabati limesogezwa lini?"

"Wiki hii hii, Inspekta. Maandalizi ni mengi, siwezi kukumbuka kila kitu."

Kobe aligeuka akalitazama. Lilikuwa mwisho wa ukumbi, kando ya mlango unaotazama barabara, kubwa na jeusi, limekanyaga zulia. Sajini, mwanamama mwenye mabega mapana na mdomo usio na breki, alimnong'oneza: "Afande, tumefika mahali pa kuhoji makabati?"

"Tumefika mahali pabaya kuliko hapo," alisema Kobe. Alikwenda kuketi benchi la mbele karibu na binti wa Mwalimu.

Binti alikuwa fundi cherehani, na tangu Jumatano cherehani hakuigusa. Mapajani alikuwa amepakata mfuko wenye sindano za baba yake na chupa ya maji, na popote alipokwenda alikwenda navyo, kana kwamba baba angetokea pembeni ya njia na kuviomba. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Usimseme vibaya Shemasi," alimwambia Kobe. "Hukuwepo Alhamisi jioni. Tulikuwa hapa tunamwombea baba. Watu walijaa mpaka kwaya tukakosa nafasi, tukasimama nyuma kule mlangoni. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, amesimama nasi kule kule. Kila tukifika mwisho anatuambia turudie ubeti, kwa nguvu zaidi, tena kwa nguvu zaidi. Tuliimba hadi koo zikakauka. Jasho linamtoka, machozi yanamtoka. Sijawahi kuona mtu akimlilia mwenzake vile."

Shemasi alikuwa anatazama viatu vyake. Kobe aliona, akadhani ni haya ya mtu mnyenyekevu anayesifiwa mbele ya watu.

"Hao waliobatizwa wa kwanza," aliuliza, "kuna aliye hai?"

"Wamekwisha wote," Shemasi alidakia.

"Bibi yupo," alisema binti.

"Bibi yupo, lakini akili zilishamruka. Anachanganya mambo. Msimsumbue mama wa watu."

"Baba alikuwa kwake kila siku wiki iliyopita," binti aliendelea. "Anaishi hapo nyuma, nyumba ya tatu."

Kobe alihisi damu ikimpanda. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nyote mlikuwa mtoni."

Hilo lilimwingia kama mwiba, kwa kuwa lilikuwa kweli.

*

Bibi walimkuta kitandani, mgongo umeegemezwa mito, redio imebanwa sikioni. Kulikuwa na mpira.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyamazeni kwanza, kona inapigwa."

Kobe, ambaye saa ya ukutani ilikuwa inamtafuna maini, alisimama kimya akingoja kona ipigwe. Ilipigwa, ikapaa juu. Bibi alisonya na kuizima redio.

"Timu ya wazembe. Haya, nyinyi ni watoto wa nani?"

"Sisi ni polisi, Bibi. Tunamtafuta Mwalimu."

"Hata mimi namtafuta. Aliahidi kuniletea betri."

Kobe alivuta kigoda akaketi karibu kabisa na uso wake. "Bibi, siku uliyobatizwa, unaikumbuka?"

"Kwani wewe ulikuwepo, unisahihishe? Naikumbuka. Wenyewe kule kanisani ndio hawataki niikumbuke. Nikisimama kusema, wananiletea soda."

"Mimi sina soda. Niambie."

Bibi alicheka, pengo likaonekana. Kisha uso ukatulia.

"Maji yalikuwa ya baridi, meno yakagongana. Nilikuwa msichana mdogo, nimekonda. Yule bwana alinishika mgongoni akanilaza, maji yakanifunika. Nilipoinuka, jua likaingia dirishani likanipiga usoni, sikuona hata mtu mmoja. Nikawa nasikia tu wanaimba. Nikasema moyoni, kumbe mbinguni ndiyo hivi."

Sajini alimtazama Kobe.

"Bibi," alisema Kobe polepole, "si mlibatizwa mtoni?"

"Mto gani? Mimi mto nauogopa mpaka leo. Mtoni kuna dirisha?"

"Mlikuwa wapi, basi?"

"Kanisani. Humo humo kanisani, kwenye birika. Lile jengo lilikuwa jipya, linanuka chokaa."

"Ilikuwa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza."

"Na wewe ulielekea wapi?"

"Kwa watu, mjukuu wangu. Anayebatizwa huwatazama watu, wapate kumshuhudia. Akiwapa mgongo watamjuaje?"

"Na aliyekubatiza ni baba yake Shemasi?"

"Baba yake Shemasi alisimama kando ameshika mataulo." Bibi alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Aliyetubatiza ndiye aliyelijenga lile jengo, na baadaye wakagombana naye wakamfukuza. Wakamfuta yeye, wakafuta na birika lake, watoto wakafundishwa habari za mto. Mwalimu nilimwambia yote. Aliniambia, Bibi, nitakwenda nilione kwa macho yangu, ndipo niandike. Sasa yuko wapi? Mbona haji?"

 Kobe alikuwa ameshatoka nje.

*

Alikimbia. Watu waliomfahamu wangeambiwa kwamba Kobe alikimbia mchana ule wasingeamini, lakini alikimbia, mkono mmoja umeshika kofia, huku akilini akijaribu kulipanga lile jambo kabla halijamponyoka. Mimbari ya sasa ilikuwa upande wa mashariki. Mtu akisimama kwenye birika lile lenye mjusi na kuwatazama watu, jua la asubuhi humpiga kisogoni. Bibi lilimpiga usoni. Ama Bibi anachanganya kweli, kama alivyosema Shemasi, ama siku zile mimbari ilikuwa upande mwingine.

Aliingia ukumbini akihema. Binti aliposikia vishindo alisimama ghafla, mfuko ukamteleza mapajani na chupa ya maji ikaanguka sakafuni. Ilianza kubingirika. Ilipita benchi la kwanza, la pili, ikashika kasi katikati ya ukumbi, ikateremka na ujia wote mpaka kule nyuma. Ilisimama ilipogonga miguu ya kabati.

Binti alitaka kuifuata. Kobe alimzuia kwa mkono.

"Sajini, umewahi kuona kanisa ambalo sakafu yake inateremkia mlangoni?"

Sajini alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anatweta. "Huwa inateremkia mbele, afande. Wa nyuma wapate kuona."

"Hapa nyuma ndiyo ilikuwa mbele." Kobe alionyesha ukumbi mzima kwa mkono. "Wamemfukuza mtu, wakatoboa mlango palipokuwa na mimbari yake, wakageuza mabenchi wakachimba birika jingine. Kanisa limegeuzwa lote kasoro sakafu."

Shemasi alikuwa amesimama kule mwisho, mgongo ameuegemeza kabatini. Hakuna aliyemwona alipotembea kwenda kusimama pale.

"Sogea, Shemasi."

"Ni zito hili, Inspekta. Lina majoho yote ya kwaya. Mtaharibu sakafu, na kesho wageni..."

"Sogea."

Hakusogea. Sajini alimshika bega akamweka pembeni, kama mtu anayehamisha kiti. Wote wawili walitia mabega kabatini. Lililia, likakwaruza saruji, na mkwaruzo huo mpya ukafuata sambamba na mkwaruzo mwingine ambao nao haukuwa wa zamani. Kobe alilikunja zulia kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na mbao zilizounganishwa pamoja, pana kama mlango, zenye pete ya chuma.

Alipiga magoti akagonga kwa ngumi. Kimya. Akagonga tena, kwa nguvu, na akalaza sikio. Alisikia moyo wake mwenyewe, na pikipiki iliyopita barabarani. Binti alikuwa amesimama juu yake, sindano mkononi.

"Vuta," alisema Kobe.

Mbao ziliinuka na harufu ya unyevu na mkojo ikawapiga usoni. Chini palikuwa na ngazi za saruji zinazoshuka gizani. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu kabisa, amejikunja, kichwa kimelala ukutani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kiatu. Kisigino cha kile kiatu kilikuwa kimekwisha, misumari imetokeza, na upande wa ndani wa mbao, pale kilipofika, palikuwa pamechimbika.

Sajini alishuka kwanza, akamwekea vidole shingoni. Alikaa hivyo muda mrefu kupita kiasi.

"Yupo," alisema mwishowe. "Mapigo ni madogo sana, afande, lakini yupo. Kuna bomba la kutolea maji huku, ndilo limempa hewa. Iteni gari la wagonjwa."

Kobe alipiga simu, akataja mahali mara mbili, akawaambia kisukari, akawaambia wakimbie. Binti alikuwa ameshateremka. Alimpakata baba yake kichwa, akamlowanisha midomo kwa kidole, huku akimwita karibu na lile sikio lake zima. "Baba. Ni mimi. Nimekuja. Baba." Midomo ya mzee ilitikisika. Kama alikuwa anajibu au anatetemeka tu, hakuna aliyeweza kujua.

Shemasi alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto. Lile shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mimi sikumtia humo," alisema. "Wallahi sikumtia."

Mtu wa kanisa kuapa hivyo kilikuwa kioja, lakini hakuna aliyecheka. Kobe alichuchumaa mbele yake. Hakutoa pingu. Alitaka kusikia kwanza, na kwa hilo alirudi kuwa Kobe wao wa siku zote.

"Nani alimtia?"

"Aliingia mwenyewe. Jumatano nilipofika kukagua jengo nilikuta zulia limekunjwa na mbao zimeinuliwa. Nikaita. Hakuna aliyejibu, labda hakunisikia, labda alikuwa ameshazidiwa huko chini. Nikasema, kuna mtu ameshaanza kuchokonoa. Jumapili ni jubilii, jiwe la kumbukumbu limechongwa jina la baba yangu, na wageni watakanyaga hapa hapa. Nikafunika. Nikaita vijana wanisaidie kuleta kabati."

"Hukuchungulia."

"Sikutaka kuliona hilo birika. Baba alinionyesha mara moja nikiwa mdogo, akaniambia nisilitaje kamwe."

"Watu walipoanza kumtafuta Mwalimu, ukawaza nini?"

"Mtoni. Niliamini yuko mtoni. Nilijilazimisha kuamini."

Mbali kidogo, king'ora kilianza kusikika. Kobe alimsogelea zaidi, maana swali lililobaki lilikuwa moja, na alitamani jibu lisiwe lile alilokuwa ameshalijua. Alitazama pale walipokuwa wamechuchumaa. Hapa kwaya ilisimama.

"Ulijua lini kwamba yumo?"

Shemasi alifunika uso kwa viganja.

"Alhamisi. Tulipomaliza wimbo. Ukumbi ulinyamaza tuingie kwenye maombi, nikasikia anagonga. Chini ya miguu yangu. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Nilitaka kusema, Inspekta. Mdomo niliufungua. Watu wote wananitazama, wananingoja mimi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema turudie ubeti."

Chini kwenye birika, binti aliacha kuita. Aliinua uso taratibu, akamtazama Shemasi, halafu akaitazama ile alama iliyochimbika kwenye mbao, na kiatu kilichokuwa bado mkononi mwa baba yake.

"Mimi ndiye niliyeimba kwa sauti kuliko wote," alisema.